Mjomba Hajatia Neno

...na mahindi yanaanguka kwenye ungo, au hayaanguki, Mwaija hajui mpaka atazame, maana tangu zile dripu za mwanzo vidole vyake vimelala, gunzi analishika kama kwa mkono wa mtu mwingine, na hapo mlangoni mjomba Sufiani, aliyefika asubuhi kutoka Mnyuzi, anasema, dawa mpya, mpya kwa nani, na Athuman, mumewe, anajibu taratibu, mpya kwetu sote, mjomba, inafuata saratani ya aina yake tu, nafasi ya kuijaribu ipo Dar, hospitali wanataka jibu leo kabla hawajafunga, na mjomba anasema, mimi hata mbegu mpya naipanda kwanza pembeni, sipandi shamba zima... shamba ni mimi, anawaza Mwaija, anaitafuta hasira, haipo, anapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, haipo. Jana daktari alipompigia simu kutoka Korogwe, Mama Ikram, jina lako limepita, unakubali, kinywa chake kilijibu chenyewe, ngoja nimuulize mjomba, kilijibu kama kinavyoitikia salamu, maana ndivyo alivyolelewa, kwao Mzigua haolewi, haendi mbali, hapasuliwi hospitali, kabla mjomba hajatia neno, na daktari akauliza, kwani mjomba ndiye anayeumwa?... Wenzake walishaipata, mjomba, wanatembea, anasema Athuman, na wasiotembea je, umewauliza, anasema mjomba, tufanye tambiko kwanza, Ijumaa, na Athuman anasema, Ijumaa nafasi atakuwa nayo mtu mwingine, haya, Alhamisi basi, anasema mjomba, hiyo nafasi ni samaki hata ioze?... na punje zinaanguka, na harufu ya majani yaliyopondwa inamjia, hakuna majani hapa, ni ya dawa ya mama, mama kitandani ndani ya nyumba hii hii, kifua kimefungwa kwa kitambaa, muuguzi kasimama anasema mpelekeni Dar mapema, na watu wote wakageuka kumtazama mjomba, naye akasema, dada yangu atulie nyumbani, msimsumbue, akatulia, alitulia kweli, na tangu arobaini ya mama mjomba hajaingia ndani ya nyumba hii, husalimia uani, chai hunywea uani, wakasema mzee ana makuu... Na ikimshinda, anasema mjomba, sauti imeshuka, ikimshinda huko, nani atakuwa kasema aende? Mwaija anainua macho, anamwona mzee ameketi nje ya kizingiti, miguu kairudisha nyuma kama mtu anayekwepa maji, na anaelewa, polepole, bila uchungu, kwamba mjomba hakatai, hajawahi kukataa, tambiko, Ijumaa, mbegu, yote ni kuzunguka, anaogopa kuulizwa mara ya pili, na sisi tumemwita tena, tumemwekea mgonjwa mwingine mdomoni, ameze au ateme... Tutaangalia, anasema mjomba, na Athuman anasema, tutaangalia lini, na kuku anadonoa punje kando ya ungo, hakuna aliyenyanyuka, hakuna aliyemuuliza yeye, na Mwaija anapukuchua, anasubiri tu wavute pumzi, kwa sababu neno lenyewe ni fupi, ndiyo, naenda, atalisema yeye, kwa sauti, mzee alisikie vizuri, ili likija baya lisiwe la mjomba.