Mshono wa Suruali ya Kibao

Duka lake la vifaa linatazamana na mlango wangu, njia ikiwa katikati. Mbele anauza misumari, rangi, mabomba, waya na kufuli. Nyuma kuna chumba cha kutengenezea vitu vilivyoharibika: pasi, feni, pampu, cherehani. Juu ya kaunta aliandika kwa rangi nyekundu: BIDHAA IKISHATOKA HAIRUDISHWI. Ukimpelekea lalamiko hakujibu. Ananyoosha kidole juu, usome mwenyewe. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Kibao.

Wajukuu zangu hupenda kunisifu kwamba bibi yao hana kinyongo. Ninacho. Kibao aliponikosea nilikaa nacho miezi minne, nikakilisha, nikakiogesha, nikakilaza. Na nilichomfanyia nilikifanya makusudi.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ni ya miguu, aliniletea marehemu mume wangu mwaka tuliooana. Chini ya sindano ina kichuma cha mviringo kinachobeba uzi wa chini; sisi washonaji tunakiita shato. Siku mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mume wangu alikuwa akilisafisha shato lile. Jirani akaingia kumwambia ni msichana, na shato likamponyoka, likapiga sakafu. Ukingo ukaliwa kidogo, kama punje ya mchele. Alikaa kutwa akiusugua kwa tupa hadi ukawa laini. Tangu siku hiyo cherehani yangu haikulia kama za wengine. Ililia tak-tak-tak-tik. Wanangu wote wanne walilala kwa sauti hiyo.

Mwaka huu kanyagio lilianza kuwa zito, magoti yangu yakanishauri nitafute msaada. Nikavuka njia. Fundi wa chumba cha nyuma, mwanamume mpole mwenye kovu la moto mkononi, alinipa kiti na kukifuta kwanza kwa mkono wa shati lake. Alilitengeneza kanyagio vizuri kabisa. Lakini Kibao akasema cherehani ilale pale, atakagua mwenyewe kesho yake.

Niliporudi nayo nyumbani kanyagio lilikuwa jepesi kama unyoya. Siku ya tatu mishono ikaanza kuruka. Unashona sketi, unaitazama vizuri, unaivuta, inaachia. Nikafungua chini. Shato lilikuwa jipya, linang'aa, jepesi mkononi kama kifuniko cha chupa. Ukingoni halikuwa na alama yoyote.

Nikavuka tena njia. Dukani palikuwa na foleni: mwalimu wa shule ya jirani, mpaka rangi na ndoo yake, na wengine watatu wanne.

"Baba," nilimwambia Kibao, "kichuma hiki si changu. Changu ukingo wake umeliwa, kama punje ya mchele."

Akanyoosha kidole juu.

"Nimeshasoma. Sirudishi bidhaa. Naulizia changu kilichobaki huku."

"Bibi," alisema, akiwageukia wale wa foleni ili wote wapate kusikia, "cherehani yako ni nzima. Nimeijaribu kwa mikono yangu. Kilichochakaa ni macho. Na macho, pole sana, hatuna spea zake."

Walicheka. Mpaka rangi alicheka hadi akatua ndoo. Mwalimu hakucheka sana, lakini alinitazama machoni, na nikaona anayapima.

Fundi wa nyuma hakucheka. Alitoka, akakinyanyua kichwa cha cherehani yangu nilichokuwa nimekileta kwenye toroli, akanivusha nacho hadi mlangoni.

"Nisamehe, mama," alisema chini chini. "Mimi nina watoto."

Sikumuuliza zaidi. Mtu akikuambia hivyo ameshakuambia yote.

Maneno ya foleni hayakai kwenye foleni. Wiki ile ile mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, eti safari imeahirishwa. Mwingine naye akaja na lake. Kisha ikaja barua ya mwalimu. Kila mwaka nilikuwa namshonea sare za watoto wa darasa la kwanza. Aliandika kwa mwandiko mzuri: Bibi yetu, umetufanyia mengi, sasa pumzika. Tusi unaweza kulijibu. Barua ya upole unaikunja tu, unaiweka chini ya godoro, inakuchoma ukiwa umelala.

Sikuwa na njaa, wanangu wananitunza. Lakini miaka arobaini na mitatu watu walikuwa wakisema, "Huu mshono wa Bibi, hauachii." Hilo ndilo lilikuwa jina langu. Kibao alilichukua kwa mzaha mmoja akiwa ameegemea kaunta.

Nikawa nashonea dirishani kwa mkono, viraka vya wajukuu. Asubuhi moja nikasikia kitu kutoka ng'ambo ya njia. Tak-tak-tak-tik. Sindano ikanidondoka. Kibao alikuwa ameweka cherehani barazani kwake, ya kuwaonyesha wateja, na mteja mmoja alikuwa anaijaribu. Tak-tak-tak-tik. Mume wangu alikuwa analia ndani ya cherehani ya mtu mwingine.

Nilisimama hadi mlangoni. Kisha nikarudi kukaa. Ningepiga kelele siku ile, angenyoosha kidole, na watu wangesema sasa hata masikio yamekwenda. Subira siyo kusamehe, jamani. Subira ni kungoja mlango ufunguke.

Mlango aliufungua mkewe. Alikuja na vitambaa viwili, akaketi kwenye mkeka bila kungoja kukaribishwa.

"Mama, nimesikia wanayosema huko. Mimi siyaamini. Mume wangu anapanua duka, ameweka na mlango mpya wa kukunja. Siku ya ufunguzi nataka nivae gauni ulilolishona wewe. Na hiki cha pili ni suruali yake. Usimwambie nimeileta huku, unamjua mdomo wake."

"Hatauliza imeshonwa na nani?"

"Ajue wapi! Huyo nguo anazikuta kitandani, anadhani zimeota."

Tulicheka. Kabla ya kuondoka alinitungia sindano sita, akazichomeka kwenye mto wangu ili nisisumbuke. Sikuhitaji kutungiwa, lakini niliziacha. Wema haukataliwi.

Gauni lake nililishona lote kwa mkono, siku tisa, mishono midogo kama mbegu za mchicha. Kisha nikaishika suruali. Miguu nilishona kwa mkono. Kiuno kwa mkono. Mifuko kwa mkono. Ukabaki mshono wa makalioni, ule unaobeba mtu anapoinama. Kila mshonaji anajua kwamba huo hupitiwa mara mbili. Mimi niliupitia mara moja, kwa cherehani, na shato la Kibao likiwa chini. Sikulegeza uzi. Sikukata kitu. Aliniambia cherehani ni nzima, nami nikamtii. Nikapiga pasi hadi mstari ukasimama wima.

Usiku ule nililala vizuri kuliko miezi yote minne.

Siku ya ufunguzi watu walijaa asubuhi na mapema. Kulikuwa na viti, na soda kwenye beseni la barafu. Juu ya mlango mpya kulikuwa na kibao kipya, kikubwa mara mbili ya kile cha zamani, maneno yale yale. Cherehani ya maonyesho ilikuwa barazani, imefutwa vumbi. Mke wa Kibao alipopita, wanawake walimgusa bega, wakauliza fundi wa gauni lile ni nani. Alitabasamu tu. Mimi nilikaa kiti cha mbele. Fundi wa nyuma ndiye aliyeniwekea.

Kibao akasema maneno machache, mengi yakiwa ya kujisifu, kisha akaenda kuufungua mlango. Kufuli la mlango wa kukunja hukaa chini kabisa, sakafuni. Akachuchumaa. Kufuli lilitoka dukani kwake mwenyewe, kwa hiyo likakataa. Akazungusha ufunguo, akalipiga kwa kiganja, akalilaani. Akapanua magoti, akashuka zaidi ili apate nguvu.

Nilihesabu moyoni. Sikufika hata tano.

Sauti ya mshono ule ilikuwa kama ya mtu anayechana shuka la kufungia kidonda. Ulianza kwenye kiuno ukashuka wote. Chupi ilikuwa ya kijani.

Kisha mpaka rangi, yule yule wa ndoo, akasema, "Bosi, mlango wa mbele umegoma, wa nyuma umefunguka!"

Watu walivunjika mbavu. Kibao aliruka, akabandika mgongo ukutani.

"Nani kaishona hii?" alimfokea mkewe. "Nakuuliza, nani kaishona hii takataka?"

Nikanyanyua mkono. "Mimi hapa, baba."

"Wewe! Umeniaibisha mbele ya watu! Utanilipa kitambaa changu! Utaishona upya, utaichukua suruali yako uka..."

Nilinyoosha kidole juu ya kichwa chake, kwenye kile kibao kipya. Nilikiacha kidole hapo hadi wa nyuma kabisa wakaona.

Wengine walianza kucheka tena, lakini mwalimu hakucheka. Alikuwa ananitazama kama siku ile. Nikamgeukia yeye, kwa sababu kwa kweli nilikuwa nasema na yeye.

"Mwalimu, njoo umvute mguu wa suruali. Nguvu zako zote. Umeachia?"

"Haujaachia."

"Vuta mfuko. Vuta kiuno. Sasa mshike mkewe gauni hapo ubavuni. Vipi?"

"Havitoki, Bibi. Hata kidogo."

"Huko kote nimeshona kwa mkono, kwa macho haya haya yasiyo na spea. Palipoachia ni mahali pamoja tu, na hapo nimeshona kwa cherehani aliyoniambia ni nzima. Kichuma kilichomo ndani ni chake, si changu."

"Mzee huyu kachanganyikiwa," Kibao alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. Mtu aliyebana mgongo ukutani hawezi kugomba vizuri.

"Ivue," nilimwambia. "Nitakushonea sasa hivi, hapa hapa. Usiseme nimekuonea."

Angefanya nini? Fundi wa nyuma alimletea turubai la bluu kutoka kwenye bidhaa za nje, Kibao akajifunga nalo, akakaa kwenye gunia la saruji huku jua likimpiga. Mimi nikaketi kwenye cherehani ya maonyesho. Nikafumua mshono wote wa zamani, uzi mmoja mmoja. Sikuwa na haraka. Mtu akaniletea soda, nikanywa nusu, nikaendelea. Kibao akawa anatoa jasho, na turubai linapiga kelele kila anapojikuna.

"Bibi, jamani, fanya upesi."

"Macho, baba. Ni macho yangu."

Kisha nikakanyaga. Tak-tak-tak-tik. Tak-tak-tak-tik. Nilishona mara moja, nikapita mara ya pili, na nilipokuwa hapo nikamalizia na kitu kingine kidogo. Nikampa mpaka rangi upande mmoja, mwalimu upande wa pili, wakavuta kama watoto wanaogombea kamba. Mshono haukutikisika.

Ndipo nikafungua chini ya sindano, nikalitoa shato, nikaliweka kwenye kiganja cha mwalimu.

"Ukingoni pana nini?"

Alipitisha kidole. Nilimwona uso unabadilika. "Pameliwa," alisema. "Kama punje ya mchele."

"Ehe!" mpaka rangi akadakia. "Ndivyo alivyosema siku ile! Mimi nilikuwepo, nilikuwa na ndoo. Alisema punje ya mchele kabla hata hajaliona!" Alisema hivyo kwa nguvu, kama mtu anayelipa kicheko alichokula bila haki. Nilimsamehe hapo hapo.

Watu wote wakamgeukia mwenye turubai. Hakunyoosha kidole. Mikono yote miwili ilikuwa inashikilia turubai.

"Lilichanganyika," alisema mwishowe. "Vyuma vingi mle ndani... Chukua, Bibi. Chukua lako."

Nikalifunga kwenye pindo la kitambaa changu cha kichwa. Nikambariki fundi wa nyuma kwa macho tu, nisimponze, nikaanza kuvuka njia.

"Na lile langu?" Kibao aliita nyuma yangu. "Lile jipya lililoko kwako? Nirudishie!"

Niligeuka nimjibu, lakini mkewe alikuwa ameshaniwahi. Alisimama mbele ya mumewe na gauni lake jipya, akanyoosha kidole juu, kwenye kibao.

Mwalimu alinifuata hadi mlangoni. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Aliuliza vipimo vya watoto wa darasa la kwanza nivichukue lini. Nikamwambia kesho, na barua yake aje kuichukua, inanichoma chini ya godoro. Alicheka huku anafuta macho.

Nilirudisha shato mahali pake na kukanyaga kidogo bila kitambaa, kuisikia tu sauti ile. Dirishani nilimwona Kibao amevaa suruali yake, kufuli hatimaye limefunguka. Alitaka kutia funguo kwenye mfuko wa nyuma, pale anapoziweka siku zote. Zikagoma. Akajaribu tena, akapapasa, akageuza shingo kama kuku anayetafuta mkia wake.

Mfuko ule niliushona ukafungwa kabisa, nilipokuwa pale pale na shato langu likiwa chini. Mishono midogo, imepitiwa mara mbili. Huu ni mwezi wa tatu sasa, na funguo bado anatembea nazo mkononi.