Mate Kwenye Mrija

Wifi yangu alikuwa fundi cherehani kabla karakana yetu haijamchukua kwa majaribio, na mazoea yana taabu. Kazi yetu ni kuingiza mirija laini, myembamba kuliko njiti ya kiberiti, kwenye viungio vya mashine za kupimia damu. Ncha unaichovya kwenye maji safi ya moto, inalegea, unaisukuma mpaka ipite meno ya kiungio, kisha unavuta kuhakikisha haichomoki. Wifi hakuchovya. Aliitia mdomoni kama uzi unaosubiri sindano, akasukuma, ikaingia mara moja.

Aliyemwona ni mimi tu, kwa kuwa tulikaa meza moja.

"Wifi, mate hapa marufuku. Yakikauka humo, mashine itapima damu ya mgonjwa pamoja na chai yako."

"Najizuia, ila mdomo unafika kabla yangu. Na ukinisema, nimemwaga unga."

Sikumsema. Nilikasirika, lakini mke wa kaka ni mke wa kaka. Tena masanduku ya walio kwenye majaribio hukaa stoo kwanza, nikajifariji kwa hilo.

Siku majaribio yake yalipokwisha, msimamizi, tuliyemwita Koleo kwa jinsi anavyovuta mirija, alivuta ya wifi yote. Hakuna uliochomoka. Akatuita sote mezani kwetu, wenzetu wakasogeza viti.

"Chanda chema huvikwa pete," akasema. "Kuanzia leo huyu ni mwenzenu wa kudumu. Haya dada, wafundishe wenzako unavyofanya."

Wifi akashika mrija, akautazama, akauweka chini.

"Mimi nalamba."

Mtu mmoja akacheka. Koleo hakucheka. "Unalamba nini?"

"Hii. Yote niliyofunga. Masanduku yangu msiyapeleke hospitali."

Yalifunguliwa yote, mirija ikakatwa ikatupwa. Wifi alivua koti la kazi bila kuambiwa, akalikunja, akatoka.

Jioni kaka alinisubiri mlangoni, amekunja uso.

"Nani amemsema mke wangu?"

"Amejisema mwenyewe."

Hakuniamini. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa akimenya viazi. "Kazi ulishapewa! Si ungewaonyesha hayo maji ya moto tu, yakaisha? Kwa nini?"

Wifi hakuinua macho.

"Walisogeza viti, mume wangu. Walitaka kujifunza kwangu."