Pumzi Zilizoachwa Nje

Ndunge alikuwa ameongoza mradi wa maji wa Kalama kwa miaka kumi na mmoja, na kuhusu mabomba hakuna aliyekuwa na la kumfundisha. Kwa hiyo Mwelu, kitindamimba wake aliyefanya kazi ya utafiti Nairobi, alipokuja kumwomba wazee wa kupimwa kwa mashine ya huko inayopiga picha ubongo ukiwa kazini, alijua pa kuanzia.

"Mwaitu," akamwambia mama yake, "ile mashine haioni mawazo. Inaona damu ikienda pale ubongo unafanya kazi. Sasa mzee akiwa na mishipa ngumu, damu inakuja kidogo hata kama akili iko sawa."

"Kama bomba kuukuu," Ndunge akasema. "Tangi imejaa, lakini kwa mfereji maji inatoka kidogo."

"Hiyo hiyo! Ndio tunataka mshike pumzi mkiwa ndani. Ukishika pumzi, mishipa inafunguka. Tunapima ya kila mtu inafunguka kiasi gani, halafu tunasawazisha picha yake na hiyo. Bila hivyo, tukiwalinganisha na vijana tutakuwa tunawaonea wazee."

"Hatutaaibishwa?"

"Niko hapo, mwaitu. Hamtaaibishwa."

Kwa neno hilo tu Ndunge akazunguka Kalama nzima akakusanya wazee kumi. Yeye akawa wa kumi na mmoja. Kila Alhamisi walikaa kwenye mabenchi nyuma ya kanisa wakishika pumzi sekunde kumi na tano, Mwelu akihesabu. Mzee Musyoka aliwasumbua sana, maana akifika sekunde ya tisa alicheka, na akicheka yeye wanacheka wote. Ilichukua wiki sita mpaka akanyooka. Kisha wakaenda Nairobi, wakalazwa mmoja mmoja ndani ya ile mashine yenye kelele, wakatakiwa kukumbuka picha walizoonyeshwa, wakashika pumzi. Hakuna aliyekosea, hata Musyoka.

Matokeo yalisomwa Julai 2007, katika ukumbi wa kanisa, wiki moja kabla ya uchaguzi wa mradi. Msomaji alikuwa Dakta Bartholomew Maundu, mkubwa wa Mwelu, yule aliyeahidi kumpeleka ng'ambo kusoma. Mwelu aliketi kando yake akibonyeza kompyuta. Ukutani ikatokea milingoti miwili ya rangi. Mmoja mrefu, wa vijana wa Syokimau waliopimwa kwa mashine hiyo hiyo. Wa pili ulifika nusu yake.

"Huu ni wenu, wazee wetu," dakta akasema kwa upole. "Ubongo unaitikia nusu ya vile wa kijana unaitikia."

Ndunge alingoja. Alijua kuna picha nyingine inakuja, ile iliyosawazishwa. Haikuja. Akasimama.

"Daktari, na ile kushika pumzi?"

"Ah, mama. Ile wazee hawakuweza vizuri. Tuliiweka kando."

Hawakuweza! Ndunge alimwangalia binti yake. Mwelu alikuwa anaangalia kompyuta.

"Mwelu," akasema, "hesabu."

Akavuta pumzi akaishika. Nyuma yake wazee kumi wakavuta zao. Mwelu hakutoa sauti, lakini midomo yake ilicheza, na ilipofika kumi na tano wote wakashusha pumzi pamoja, Musyoka akiwa mkavu kama hakimu.

Dakta akapiga makofi. "Mko na nguvu, asanteni sana," akasema, akaomba picha inayofuata. Mwelu akabonyeza.

Urbanus, makamu wa Ndunge, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amekitolea macho kiti chake, hakungoja hata chai. "Nawapenda wazee wetu," akatangaza, "lakini maji ya watu elfu mbili haiwezi kuongozwa na nusu ubongo. Na si mimi nimesema, ni sayansi." Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona haya. Ndunge alijua kwamba kiti kimekwenda. Kiti angeweza kukisamehe.

Alimkuta Mwelu nje, karibu na gari la dakta.

"Ile picha ya kusawazishwa, uliitengeneza?"

Mwelu akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa. Milingoti miwili, ikipishana kidogo tu, upana wa kidole. "Mlikuwa sawa, mwaitu. Karibu sawa kabisa. Dakta alisema wafadhili wanataka tofauti kubwa, na nikibishana, mambo ya kusoma niyasahau."

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

Ndunge akafikiri. "Jumatano ulikuja kwangu. Ulikula muthokoi, ukaniongezea chai. Nikakuuliza matokeo, ukasema nitafurahi."

"Nilidhani atabadilisha mawazo."

"Watu bado wako ndani. Ingia usome hiyo karatasi."

Mwelu aliangalia mlango wa ukumbi. Dakta Maundu alikuwa ameshaingia garini na kumfungulia mlango wa upande wa pili. Hakuita wala hakupiga honi. Ukumbini Urbanus alikuwa bado anaongea.

"Mwaitu, nitakupigia simu," Mwelu akasema. Akaikunja karatasi vile vile ilivyokuwa, akairudisha mkobani, akapanda gari.

Ndunge alisimama pale akilitazama gari likiondoka. Gari lilipokata kona ya barabara ya Machakos ndipo alipogundua kwamba ameshika pumzi, na kwamba hakuna mtu wa kumhesabia.