Weka Mbili

Nekesa alimdanganya dairekta Maingi, mwenye shule, siku ile ile ya kwanza alipoomba kazi. Alisema alipata B ya hesabu kwenye mtihani wa kidato cha nne. Alipata D. Mama yake alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, unga ulikuwa umekwisha chumbani mwao mtaani Jericho, na shule moja ya kibinafsi kule mtaa wa Tena ilitaka mwalimu upesi. Cheti aliambiwa atakileta baadaye. Sasa ulikuwa muhula wa pili, na bado ilikuwa baadaye.

Jumatano hiyo Maingi aliingia darasani akaketi nyuma, kiboko mapajani. Ubaoni palikuwa na 2/x + 3/(x+1).

Nekesa alianza vizuri, maana mwanzo alikuwa ameukariri asubuhi akingoja chai ichemke. Tafuta kitu kimoja cha kuweka chini, x(x+1). Zidisha huku, zidisha kule, jumlisha. Juu akapata 5x + 2. Hapo kumbukumbu ikamtupa. Aliona x juu, akaona x chini, akazikata zote mbili kwa mbwembwe za mtu anayejua, akajumlisha 5 na 2 zilizobaki juu, akaandika 7/(x+1).

"Madam," Batulo akasema kutoka dirishani. Huyu alikuwa msichana wa kidato cha pili asiyeweza kunyamaza jambo likimkera. "Hiyo x haikatiki. Iko na mbili kando, imejumlishwa."

Nimekwisha, Nekesa alijiambia.

Maingi akainuka. Zamani alikuwa karani wa bohari, na hesabu alijua njia moja tu ya kuihakiki. "Sitaki kelele. Pahali pa x weka moja, tuone nani anajua."

Nekesa akaweka moja. Swali: mbili, jumlisha moja na nusu, tatu na nusu. Jibu lake: saba kwa mbili. Tatu na nusu!

Nusura acheke kwa sauti. Kumbe hata waongo wana siku yao.

"Batulo," Maingi akaita, "wewe ndiye wa kumfundisha mwalimu? Njoo hapa. Nyoosha mkono."

Batulo alikuja na daftari lake. Alipopita mezani aliliacha wazi mbele ya Nekesa. Pembeni alikuwa ameandika kwa penseli: weka 2.

Nekesa akaweka mbili kichwani. Mbili kwa mbili, moja. Tatu kwa tatu, moja. Jumla mbili. Na jibu lake? Saba kwa tatu, mbili na kitu. Akarudia. Mbili na kitu.

Aliogopa sasa kuliko mwanzo, kwa kuwa hakuna aliyemshika. Angenyamaza tu, kiboko kishuke, kengele ilie, aende zake nyumbani akiwa bado na kazi yake. Msichana alikuwa amenyoosha mkono na kufumba macho. Kiboko kikapanda.

"Mimi ndiye nimekosea," Nekesa akasema, kwa sauti nyembamba hata akadhani hakusikika. "Weka mbili, mzee, utaona. Na hesabu yenyewe sijui inaishia wapi. Sikupata B."

Maingi akaweka mbili, akihesabu kwa vidole, midomo ikimcheza. Hakuwa na haraka, na muda wote huo Nekesa alibanwa na haja ndogo kama mtoto. Mwishowe kiboko kikashuka taratibu, bila kumgusa Batulo.

"Ofisini," Maingi alisema.

"Nakuja. Lakini hawa wana mtihani kesho, wasiende na uongo wangu."

Nekesa akampa Batulo chaki, akaenda kuketi mahali pa msichana huyo dirishani, magoti yakigonga dawati, akaazima penseli kwa jirani. Batulo alifuta 7/(x+1). Akarudisha 5x + 2 juu, x(x+1) chini, akapigia mstari.

"Haya basi," alisema. "Ilikuwa imeisha hapa, Madam. Ulikuwa umeipata."

Maingi alikuwa amesimama mlangoni akimngoja. Nekesa akainamia karatasi, akanakili.