Kigeugeu wa Kibirichia

Mzee Riungu wa Kibirichia alikuwa ameipigia serikali kura tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hakuna aliyewahi kumtikisa. Jirani yake Thuranira, mtu wa upinzani wa kufa na kupona, angezirai angejua kwamba mwaka ule wa uchaguzi mzee alihama chama mara tano, tena kwa simu.

Yalianza Januari. Msichana aitwaye Kiende, wa kampuni moja ya kura ya maoni huko Nairobi, alimpigia Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

"Muga, mzee," akamsalimu kwa Kimeru. "Uchaguzi ukiwa leo, utapigia nani?"

"Serikali."

Kiende akashukuru, akasema wangewapigia watu wale wale kila mwezi hadi Julai. Dakika mbili, basi. Riungu akabaki jikoni na sufuria ya viazi vya watu wawili, maana tangu mkewe Ciakuthii afariki mkono wake ulikuwa haujajifunza kupika vya mmoja.

Februari akajibu upinzani, kwa utani tu.

"Mwezi jana ulisema serikali," Kiende akasema. "Mtu akibadilika lazima nimuulize maswali zaidi. Uko na nafasi?"

Nafasi! Alikuwa nayo ya kumwaga. Kiende akauliza juu ya mbolea, barabara, kisha ni nani nyumbani hushauriana naye mambo ya siasa.

"Mama watoto. Lakini alituacha."

"Pole sana, mzee. Lini?"

Swali hilo halikuwa kwenye fomu. Waliongea dakika arobaini, na siku ile Riungu alilala vizuri.

Basi akawa kigeugeu. Machi serikali, Aprili upinzani, Mei akarudi, Juni akatoka tena, na wiki nzima kabla ya simu alitembea shambani akitafuta sababu zenye uzito. Mwanawe Munyi, aliyekuwa Mombasa, alimkumbuka Pasaka kwa ujumbe uliotumwa kwa watu wote.

Juni hiyo redio ikatangaza kwamba, kwa kura ya maoni, wazee wa Meru wanayumba. Thuranira akaja mbio hadi kwenye ua.

"Wenzako wanahama, Riungu. Na wewe?"

"Mimi sihami," akajibu, na ulikuwa ukweli mtupu.

Julai Kiende akasema hiyo ndiyo simu ya mwisho. Riungu akaona aibu kumdanganya hadi mwisho.

"Mimi ni wa serikali, Kiende. Sijawahi kuhama. Ni vile asiyehama anapewa dakika mbili."



"Mzee, sasa itabidi nifute majibu yako yote."

"Hata ya Ciakuthii?"

"Hayo sikuandika. Hayo nilikaa nayo tu." Mtu akamwita huko ofisini, akaaga haraka.

Agosti Riungu akapiga kura yake ile ile ya siku zote. Thuranira, ambaye upande wake ulishindwa, akaacha kupita pale uani.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba mzee alipika viazi, akaweka simu mezani, akangoja. Haikulia. Saa saba akaipigia mwenyewe ile namba, na sauti ya mashine ikamwambia kwamba nambari hiyo haipatikani.

"Upinzani," Riungu akaijibu, akasubiri aulizwe kwa nini.