Tuta la Wageni

Kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alexis na mjukuu wake Plamedie walianza palizi kwenye tuta la kwanza, upande wa barabara, wakashuka tuta baada ya tuta mpaka kwenye kijito kinachopita nyuma ya mtaa wao wa Katuba. Matuta yalikuwa kumi na manne: ya lengalenga, mchicha wa kwao, ya matembele, ya vitunguu, kadiri msimu ulivyoruhusu. La kumi na nne halikupandwa kitu. Alexis aliliita tuta la wageni. Kilichoota hapo chenyewe hakikung'olewa, na kilimwagiliwa maji sawa na mboga.

Plamedie, msichana wa miaka kumi na mitatu, alilipenda tuta hilo kuliko yote. Hapo alilijua ua dogo la buluu linalofunguka alfajiri na kujikunja kabla ya adhuhuri, kama duka la mtu mvivu. Alilijua pia la manjano, ambalo hutangulia mvua ya kwanza kwa siku nane. Nkambo, kama alivyomwita babu yake, alimfundisha kuchuchumaa kwanza, kutazama, kisha kuuliza. Hakumruhusu kuita kitu gugu kabla hajajua kinafanya nini.

"Papa Alexis, unamwangiaka majani mayi!" Albertine, jirani aliyelima upande wa pili wa njia, alimcheka. "Kesho utaikula na bukari!" Bukari ndio ugali wao.

"Mugeni, hatumuulizake siku ya kwanza anakuya kufanya nini," Alexis alijibu.

Mwezi wa kumi, mvua ikiwa bado, alifika mgeni mpya. Alikuwa na shina jembamba, majani membamba, na kichwa kidogo cha zambarau. Alexis aliweka jembe chini. Ujanani alikuwa amewabebea wanajiolojia mifuko ya udongo, na alikumbuka jinsi walivyosimamisha gari kila walipoliona ua hili porini. Ni ua la shaba. Hukaa mahali ambapo shaba ni nyingi kiasi cha kuua mimea mingine.

Alilisalimu ua, akageuka kukitazama kijito. Tangu kiwanda cha mgodi wa shaba kifunguliwe huko juu, miaka miwili iliyopita, maji yalikuwa ya kijani kila Jumanne.

Wiki iliyofuata ua la shaba lilikuwa kwenye tuta la kumi na tatu. Baadaye lilikuwa katikati ya lengalenga, zilizodumaa. Baadaye tena liliota kwenye mpini wa jembe. Katikati ya mwezi wa kumi na moja lilichipua kwenye kifundo cha mguu wa Albertine, kwa sababu yeye aliosha mboga akiwa amesimama kijitoni.

"Inanishika kitenge," alilalamika. "Na iko na mizizi, weye! Nikivuta, inaniuma mupaka kwa goti."

Watu wakazoea. Jumapili wanawake walikatana maua kwa mkasi nje ya kanisa kabla ya misa. Shuleni mwalimu aliwahamishia nyuma watoto wenye maua kichwani, ili wenzao waone ubao. Alexis alichanua kwenye viganja vyote viwili, kisha kifuani, na maua ya kifuani yalijifunga kila alipokohoa. Daktari wa zahanati aliandika "maua" kwenye karatasi, akampa dawa ya minyoo.

Alexis hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Tangu ua lilipofika, kwa wiki sita aliandika katika daftari la shule: siku, rangi ya maji, tuta lililovamiwa. Plamedie alipima urefu wa mashina kwa utepe wa fundi nguo. Kisha Alexis aliwaandikia watu wa kiwanda, akamsomea mjukuu wake barua kabla ya kuifunga:

"Waheshimiwa, ua hili huota penye shaba. Shambani kwetu hapakuwa na shaba. Sasa ipo, nasi tunaila. Tunaomba mzuie maji yenu."

Alitia ndani ya bahasha maua matatu yaliyokaushwa katika gazeti: moja la tuta, moja la mpini, moja la kiganja chake mwenyewe.

"Bataitika, nkambo?"

"Bataitika. Muntu mwenye masomo, ukimuonyesha kitu, anaona."

Waliitika baada ya siku nne. Alikuja injinia Précieux, kijana aliyezaliwa hapo hapo Katuba, akamsalimu Alexis kwa mikono miwili. Alikuwa na mashine ya kusoma madini, yenye umbo la bastola. Aliielekeza kwenye kila tuta, kisha kwenye kiganja cha Alexis, akasubiri tarakimu zitulie.

"Papa, iko muzuri sana," alisema. "Kule mugodini tunachimbaka hata penye iko kidogo kuliko hii."

"Njo ile niliandika," Alexis alikubali.

"Ndiyo, papa. Barua yako ilitusaidia sana."

Karatasi kutoka kiwandani ilifika kabla ya Noeli, ikiwa na mihuri mitatu. Ukurasa wa kwanza ulisema hakuna uthibitisho kwamba shaba iliyo majini inatoka kiwandani. Ukurasa wa pili ulisema shaba iliyo shambani ni mali ya kiwanda kwa kibali cha uchimbaji, pamoja na chochote kinachoibeba, kiwe kimesimama au kinatembea. Sumu haikuwa yao. Shaba ilikuwa yao.

Uzio ulijengwa kuzunguka mashamba kwa siku moja. Walioruhusiwa kuingia ni wale tu waliotajwa kwenye orodha ya kibali: Alexis, Albertine na wengine tisa waliochanua. Plamedie alichukua jembe akaupiga uzio mpaka mpini ukavunjika. Uzio ulibaki. Kipande cha mpini kilichipua siku ya pili.

Alexis hakumkemea. "Ungepiga na mawe," alisema. "Jembe iko moja tu."

Kila Jumatatu walikuja watu wenye glavu. Walikata maua ya ardhini kwanza, kisha ya watu, wakayatia katika magunia ili yakachomwe na majivu yake yatolewe shaba. Walikata kwa uangalifu, wasije wakaumiza mizizi. Jumamosi Plamedie alisimama nje ya waya. Alexis alipalilia peke yake, akipumzika mara nyingi kuliko zamani, na alipofika tuta la wageni alimpigia kelele kumweleza nani amekuja. Kila wiki jibu lilikuwa moja: ua la shaba.

Mwezi wa pili, Plamedie alihisi kuwashwa nyuma ya sikio. Mlinzi wa geti aliinua msuko wake, akatazama, akaandika jina lake chini ya orodha.

"Ingia. Uko wa kumi na mbili."

Alexis alimwona akija kati ya matuta. Alikaa chini, jambo ambalo Plamedie hakuwahi kumwona akilifanya kazi ikiwa haijaisha. Mjukuu alipomfikia, babu alilifunika lile ua la nyuma ya sikio kwa kiganja chake, kama mtu anayekinga mshumaa na upepo. Kisha alisimama, wakaanza kwenye tuta la kwanza.

Kwenye la kumi na nne, katikati ya zambarau tupu, palikuwa na mche mmoja wa kijani, wenye majani manne. Hakuna aliyeupanda. Plamedie alichuchumaa, akautazama, kisha akauliza.

"Nkambo, huyu ni nani?"

"Lengalenga," Alexis alisema. "Ni mugeni. Muletee mayi."

Plamedie alishuka kijitoni na ndoo. Haikuwa Jumanne, lakini maji yalikuwa ya kijani. Aliijaza ndoo, kwa sababu hapakuwa na maji mengine, akapanda nayo, akamwagia mgeni.