Uvimbe wa Meneja

Mbwa wetu anaitwa Meneja kwa sababu kazi yake ni kulala mlangoni mwa duka la kushonea na kuwakagua wateja. Shangazi alimlea tangu hajafumbua macho. Mimi niliyekuja baadaye kujifunza cherehani naijua nafasi yangu: ya pili.

Siku moja nikimwogesha nikagusa uvimbe ubavuni, laini, unaoteleza chini ya ngozi. Mteja aliyekuwa akisubiri suruali akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwingine akashauri tuukande kwa maji moto. Shangazi akawaambia wote wawili warudi kesho, akafunga duka mchana kweupe, tukaenda kwa daktari wa wanyama.

Daktari aliubonyezabonyeza. "Huenda ni mafuta tu," akasema, "lakini siwezi kuapa bila kuuchoma sindano na kuangalia kilichomo."

Meneja alipoiona sindano alionyesha meno yote aliyobakiwa nayo. Basi tukaambiwa tuwe tunaupima nyumbani. Ukikua, ni upasuaji.

"Ila moyo wake umechoka," daktari akaongeza. "Nikimpa dawa ya usingizi, huenda asiamke."

Mimi ndiye niliyepima kwanza: sentimita tatu. Siku chache baadaye shangazi akaninyang'anya tepu, maana vipimo vya maana katika duka lile huchukua yeye mwenyewe. Akainama, akapima.

"Nne na nusu," akasema.

Siku ile hakula. Alishona mfuko wa shati juu chini, kosa ambalo ningelifanya mimi ningetimuliwa. Nami roho ilikuwa juu juu, sikuthubutu hata kuugusa ule uvimbe. Kulipokucha tukampakia Meneja kwenye teksi kwenda kupasuliwa, shangazi amemfunika kwa kitambaa cha suti ya mtu.

Kabla ya kuandaa dawa, daktari akapima. Akapima tena. "Mbona ni tatu?"

"Haiwezekani! Lete hiyo tepu." Shangazi akapima mbele yetu. Nikachungulia: tepu ilisema tatu. Mdomo wake ukasema, "Nne na nusu!"

"Shangazi," nikasema taratibu, "umeongeza ya mshono."

Akanitazama, akaitazama tepu. Maisha yake yote hakuna kiuno wala bega alilolipima bila kuliachia nafasi ya mshono, tena bila kufikiri. Mazoea yana taabu.

"Kwani mama," daktari akauliza, "ulitaka kuushonea gauni?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka.

"Mchome hiyo sindano," akasema, akakikumbatia kichwa cha Meneja kwa mikono miwili. Meneja alinguruma, lakini angemng'ataje aliyemlea? Daktari akavuta kilichokuwamo, akakiweka kwenye kioo, akainamia hadubini kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mafuta matupu," akasema hatimaye. "Hapasuliwi mtu. Mrudisheni kazini."

Hapo shangazi akaketi sakafuni na gauni lake zuri, akamvuta Meneja mapajani, akalia kama mtoto.

"Moyoni nilishakuzika, mwanangu," akamwambia. "Nilishakuzika mzimamzima."

Meneja akamlamba uso wote, mate na machozi pamoja, naye hakujifuta.